Kabureta ya Binza

Siku tuliyomzika kaka yangu Maduhu, kuku mmoja alikuwa analalia mayai chini ya kiti cha dereva cha gari lake. Niliambiwa hivyo na wanawake waliokuwa wanapika uani, wakicheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani wakishachoka kulia. Gari lenyewe lilikuwa ubavuni mwa nyumba, halina matairi, limekaa juu ya matofali, rangi imebabuka mpaka mgeni asingejua kama lilikuwa jeupe au la kijivu. Mimi najua lilikuwa jeupe. Najua mlango wake wa pembeni ulifungwa kwa kuupiga na nyonga, na najua ukikaa mbele mapaja yaliungua, kwa sababu magari ya aina ile injini yake hukaa chini ya kiti. Unainua kiti kama mtu anayefungua sanduku la nguo. Nililigeuzia mgongo nikaendelea kuchambua mchele. Haikusaidia. Mwaka ule wote ulinirudia pale pale, ungo ukiwa mapajani.

Sitaeleza sisi ni watoto wa nani na tulizaliwa wangapi. Watu wa Ngulyati wanajua, na wengine hayawahusu. Inatosha kusema kwamba naitwa Kabula, kwamba niliolewa Bukundi, kule Meatu, nikiwa bado na akili ya kitoto, na kwamba ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu walipofika nyumbani walimkuta Maduhu anawasubiri. Kwetu mambo huenda hivyo: ng'ombe za dada ndizo zinazomwoza kaka. Lakini Maduhu hakutaka kuoa kwanza. Aliwapeleka mnadani wote, akanunua gari la abiria lililokwisha kuchakaa, akasema gari lile litazaa ng'ombe upesi kuliko ng'ombe wenyewe. Wazee walimshangaa, vijana walimsifia. Mimi nilikuwa Bukundi nachota maji, sikuulizwa, na hata ningeulizwa ningesema anunue. Nilimpenda kaka yangu kupita kiasi, na mpaka leo sijajua kumpenda mtu kwa kadiri.

Mwaka ninaousimulia ulianza siku nilipomtoroka mume wangu. Nyanda alikuwa na mkono mwepesi, na fimbo ya kuchungia ilikuwa haitoki mkononi mwake hata akiingia ndani kula. Siku hiyo nilichukua kanga mbili, nikasema naenda kusenya kuni, nikaendelea kutembea. Nilimkuta Maduhu kwenye chumba chake cha kupanga Bariadi, nyuma ya soko. Alinitazama mgongo, akatoka kununua kamba, akatundika shuka katikati ya chumba ili nami niwe na upande wangu. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Upande wake kulikuwa na godoro, jiko la mkaa na beseni la vipuri vilivyolowekwa kwenye petroli. Upande wangu kulikuwa na mkeka na dirisha. Kila nilichopika kilinukia petroli: ugali ulinukia petroli, mlenda ulinukia petroli, hata michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyomchemshia asubuhi na karanga. Alikuwa anakula huku akinitania kwamba sasa sote wawili tunatembelea mafuta. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu sana, na nilipocheka mbavu ziliuma mahali alipopiga Nyanda.

Haikupita wiki nyingi wazee wa Bukundi wakaja Ngulyati kwa mama yangu. Walikuja kwa adabu zao, wakasalimia vizuri, wakakaa, wakapewa maziwa. Mimi nilikuwa jikoni, na ukuta wa jiko letu ulikuwa wa miti iliyokandikwa udongo ambao ulikwisha kudondoka, neno halikunipita. Hawakunitukana. Walisema hawakatai, binti akishachoka amechoka, lakini nyumba yao haiwezi kukosa mtu na kukosa ng'ombe kwa pamoja. Mmoja wao, baba mdogo wa mume wangu, ndiye aliyesema lile lililobaki kichwani mwangu. "Mkimtaka mtoto wenu, turudishieni ng'ombe. Mkiwataka ng'ombe, turudishieni mtoto. Sisi tutashukuru kwa chochote." Maduhu akajibu kwamba atawarudisha, mmoja baada ya mwingine, na maghala ya pamba yakifungwa atakuwa amemaliza. Akasema kama hakumaliza nitarudi Bukundi na neno hilo halitafunguliwa tena. Kila mzee aliitikia. Hapo ndipo maisha yangu yalipowekwa ndani ya injini ya gari.

Na injini ilikuwa mgonjwa. Ilianza kwa kusita. Ukikanyaga mafuta inakaa kimya kidogo, kisha inaruka. Baadaye ikawa inatoa moshi mweusi, ikizimika kila aliposimama kupakia abiria, na kwenye vilima vya njia ya Maswa ikawa wenye nguvu wanashuka kutembea. Petroli iliyokuwa inatosha kwenda na kurudi sasa ilikuwa inaishia njiani. Fundi wake alikuwa Shija, kijana wa umri wake aliyefanyia kazi chini ya turubai karibu na stendi. Shija aliinua kiti, akafungua kabureta, akaisafisha, akapuliza vile vijitundu kwa mdomo, akafunga. Gari likaenda vizuri siku mbili tatu, likarudia. Akaifungua tena, na safari hiyo akatuita mimi na kaka tuangalie. Kile kijiti kinachoshika kibati cha kufungulia hewa kilikuwa kimelika kwa uzee. Ukikigusa kinacheza kama jino la mtoto. Hewa ilikuwa inaingia pembeni, isikotakiwa. Alisema kusafisha hakutasaidia, itafutwe nyingine, na kwamba kabureta ndiyo inayoamua injini inakunywa kiasi gani na inapumua kiasi gani, kwa hiyo isinunuliwe kwa haraka.

Lo, ushauri tulioupata. Bariadi nzima ilikuwa fundi. Kila aliyepita chini ya turubai lile alikuwa na binamu Mwanza mwenye gari kama letu. Mmoja alisema tukaze ile ya zamani kwa waya. Mwingine alisema tuiache na tuendeshe polepole, kama kwamba ng'ombe wangu nao wangesubiri polepole. Katikati ya kelele hizo Shija alikumbuka kwamba kuna gari la aina ile ile, la mwaka ule ule, limelala Binza pale Maswa. Mwenyewe alikufa nalo barabarani, mjane wake amelifunika kwa turubai. Injini haikuguswa na ajali. Kabureta yake ingekaa kwenye gari letu bila kubadilisha hata boliti.

Tulienda Binza mimi na Maduhu asubuhi. Mama yule, aliitwa mama Limbu, alitupokea kama ndugu. Alitukaribisha ndani, chumba kimoja kizuri chenye vitambaa vya kufuma juu ya viti, akatupa ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ya karanga, akakaa na sisi wakati tunakula na hakula. Sikumbuki alisema mengi. Alisema watu wamemfuata wakitaka matairi, wakitaka vioo, na kila mmoja anaanza kwa kuuliza bei, hata pole hasemi. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, akafunua turubai mwenyewe. Maduhu aliinua kiti. Kabureta ilikuwa pale, ndogo, ya rangi ya bati, ina kibonyeo pembeni kama sufuria iliyoanguka, safi kuliko nilivyotegemea. Nilisukuma kile kijiti kwa kidole kama nilivyomwona Shija akifanya. Hakikucheza hata kidogo. Moyo wangu uliruka, nasema kweli, nilijiona tayari ni mtu huru.

"Chukueni," mama Limbu akasema. "Sitaki kitu. Nataka tu ipatikane sababu ya kusema alikuwa na gari, likamsaidia mtu."

Nikamwambia Maduhu, "Kaka, tuchukue hii."

Yeye alikuwa anaangalia usukani, ambao ulikuwa umepinda. Akafunika kiti taratibu, akamshukuru mama yule sana, akasema tutarudi na fundi siku ya soko. Nilimjua kaka yangu. Alivyosema vile nilijua kwamba haturudi.

Badala ya kwenda Bariadi alinyoosha mpaka Ngulyati kwa mama, akamweleza, na mimi nikamwona mama anaweka chini kitu alichokuwa ameshika. Mama yangu alikuwa Mkristo, anaimba kwaya, lakini kuna mambo ambayo alikuwa hayapeleki kanisani. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Gari la ng'ombe za binti yangu haliwekwi kitu cha mtu aliyekufa nacho," akasema. "Kitamtafuta mwenyewe. Na safari hii nani yuko kwenye kiti? Wewe, baba." Nikasema kwamba chuma ni chuma. Mama akanigeukia akaniambia, kwa upole, ambao ndio ulionikata, kwamba mimi nimekwisha kupoteza nyumba moja, nisimpotezee na mwana. Hata leo, kila nikikaa na jambo hili, siwezi kumchukia mama. Aliogopa kumzika mwanawe. Alikufa kabla yake, angalau hilo alipewa.

Basi tukabaki na duka la vipuri. Muuzaji alileta kutoka Mwanza kabureta iliyotolewa kwenye gari la mizigo, yenye makoo mawili, nzito, imepigwa brashi mpaka inameta. Hapa lazima niseme kitu kuhusu Maduhu. Ngulyati alijulikana kwa jicho la kuchagua madume ya kulimia. Watu wazima walikuwa wanamchukua mnadani, amtazame dume kifua, aweke vidole puani, asikilize anavyopumua, kisha wanunue anachosema yeye. Hakuwahi kukosea. Pua pana, kifua kipana, dume litavuta jembe mpaka jua lizame. Na pale dukani nilimwona akifanya vile vile. Aliishika kabureta ile kwa mikono miwili, akaizungusha, akaingiza dole gumba kwenye koo moja, na la pili kwenye koo la pili, yakazama yote. Akatabasamu. "Hii inapumua," akasema. Ile ndogo ya Binza, dole gumba lisingepita.

Shija hakuipenda. Alisema injini yetu ni ndogo, ukiipa koo la lori itakunywa kupita inavyoweza kumeza. Lakini Shija naye alikuwa kijana, na alipenda kazi ngumu. Akasema anaweza kupunguza jeti, vile vijitundu vya kupitishia mafuta, akachonga sahani ya chuma ya kuunganishia, akatoboa matundu mapya, akakata gasketi kutoka kwenye kipande cha boksi nene. Alifanya kazi hiyo vizuri. Gari lilipowaka, watu wa stendi waligeuka. Lilinguruma. Maduhu alilipeleka mpaka Maswa na kurudi, na vilima vyote lilivipanda na watu wote wamekaa ndani.

Wiki zile zilizofuata ndizo za furaha niliyonayo. Nasema niliyonayo kwa sababu sijapata nyingine ya kuweka juu yake. Pamba ilikuwa inavunwa, njia zilijaa watu na magunia, Maduhu alikuwa anarudi amechoka, uso una vumbi, anakula, ananiambia ng'ombe wa kwanza amepatikana, mtamba mwekundu, yuko kwa mama. Nilikwenda kumwona. Nilimshika masikio. Nilikuwa na ndoto za kijinga: kwamba nikishamaliza kulipiwa nitajifunza kushona, nitapanga chumba changu, chenye harufu yoyote isipokuwa ya petroli. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni nasikiliza mngurumo ule ukikata kona ya soko, na nilikuwa nautofautisha na magari mengine yote.

Kisha petroli ikaanza kuonekana mahali pasipo pake. Shija alipochomoa kijiti cha kupimia oili alikinusa, akampa Maduhu anuse, akanipa mimi. Oili ilikuwa inanukia kama chakula changu. Ile kabureta ilikuwa inamwaga mafuta mengi kuliko injini ilivyoweza kuchoma; yaliyobaki yalikuwa yanashuka chini, yanaosha oili, na chuma kinasagana na chuma bila kitu katikati. Shija alitaka gari lisimame, injini ifunguliwe. Maduhu akauliza itachukua muda gani. Alipojibiwa, akaangalia nje, ambako magunia ya mwisho ya msimu yalikuwa yanapita. Akamwambia abadilishe oili tu, injini tutaifungua maghala yakishafungwa. Haikufika huko. Ilianza kugonga, kama mtu anayepiga mlango kwa ndani, na siku moja, kabla ya kufika Maswa, ikagonga kwa nguvu, ikanyamaza. Walilivuta kwa trekta mpaka Bariadi. Maduhu aliingia chumbani, akakaa kwenye godoro na viatu vyake, na upande wangu wa shuka nikasikia analia. Sikwenda kumbembeleza. Nilikuwa nalia na mimi, na kila mmoja alimwachia mwenzake shuka lile.

Wazee wa Bukundi walikuja maghala yalipofungwa. Walikaa pale pale, wakapewa maziwa, na mimi nikawa jikoni nyuma ya ukuta ule ule. Walimchukua mtamba mwekundu, kisha wakasema, kwa huruma kabisa, kwamba watamhesabu kama faini ya usumbufu. Maduhu aliomba msimu mmoja zaidi. Baba mdogo yule akamwambia neno lilishafungwa, na aliyelifunga ni yeye mwenyewe. Nilitoka jikoni bila kuitwa, nimevaa kanga zangu mbili, kwa sababu sikutaka kaka yangu ndiye aje kuniita.

Sina hadithi ya baadaye. Nimeishi Bukundi. Nimezaa, nimelima, nimepigwa, na Nyanda alipozeeka mkono ukachoka, na watu wanaona hiyo ndiyo amani. Wakati mwingine wasichana wa leo wananiambia mama, si ungekwenda polisi, si ungekwenda ustawi wa jamii, na mimi nawaitikia, kwa kuwa wanasema vizuri. Mwaka ule sikujua mlango mwingine. Nilijua gari. Maduhu naye hakuoa; hakuwa na ng'ombe wa kuolea. Aliendesha magari ya watu. Alipojenga vyumba vyake viwili pembeni ya mji, watu wanasema kitu cha kwanza alichohamishia pale ni lile gari, likiwa linasukumwa. Tulionana misibani na harusini. Tuliulizana hali, mvua, watoto. Juu ya gari hatukusema hata neno moja.

Kwa hiyo siku ya mazishi, chakula kilipokwisha kugawanywa, nilitaka kumwona yule kuku. Nilifungua mlango kwa nyonga, ukafunguka. Shija alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari, mzee sasa, miwani imefungwa kwa uzi. Alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," nami nikamwitikia, akanisaidia kuinua kiti. Kuku aliruka akitupigia kelele. Chini ya majani na manyoya ilikuwapo injini, nyekundu kwa kutu, na juu yake, imefungwa kwa boliti zake zote, kabureta ndogo yenye kibonyeo pembeni. Haikuwa na kutu hata kidogo. Ilikuwa imefutwa. Nilisukuma kile kijiti kwa kidole. Hakikucheza.

Nilimuuliza Shija hii ilifikaje hapa.

"Alikwenda kuichukua Binza mwaka ule ule," akasema. "Umesharudi Bukundi, mvua za kupandia hazijaanza. Nikamwambia Maduhu, injini imekufa hii, kabureta itampa nani pumzi? Akasema, funga tu. Kabula ndiye aliyeichagua."

Alisema kila Jumapili Maduhu alikuwa anainua kiti na kuipangusa kwa kitambaa. Nilirudisha majani, nikarudisha mayai mahali pake, nikafunga kiti. Nilitaka kupiga kelele mpaka sauti iishe, lakini uwanja ulikuwa umejaa watu na mimi nilikwisha kulia zamu yangu kaburini. Upande wa barabara honi ililia. Gari la Meatu lilikuwa linaondoka na Nyanda alikuwa amekwisha kukaa, fimbo yake imesimama katikati ya magoti. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini kwenye gari bovu.

Nikamwambia nilikuwa natafuta mayai.